Bwawa Lililokuza Kampuni

Ndugu wafanyakazi, kampuni ya ujenzi hukuaje? Tazameni Misri. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kuanzia 1960 hadi 1970. Warusi walitoa mkopo, mitambo na wataalamu. Wamisri kwa maelfu walipasua mwamba. Kampuni ya mhandisi Osman Ahmed Osman, Arab Contractors, ilikuwamo. Serikali ilipoitaifisha miaka ya 1960, yeye aliachiwa uongozi, jambo la nadra. Warusi wakaondoka, ujuzi ukabaki kwa wenyeji.

Mwaka 2018 kampuni hiyo, pamoja na Elsewedy Electric, ilisaini mkataba wa Bwawa la Nyerere huko Rufiji, megawati 2,115. Safari hii Mmisri ndiye mgeni mwenye mitambo. Twauliza: Watanzania wangapi walitoka pale na cheti cha kuiendesha?