Orodha moja ya watumiaji yaweza kulinda tarakilishi za mashinani

AFISA wa umma anapohamishwa kutoka Korbesa, Kaunti ya Isiolo, hutarajiwa kukabidhi funguo za ofisi kabla ya kuondoka. Akaunti yake katika tarakilishi, hata hivyo, huenda ikasahaulika, na yeyote aijuaye nywila akazifikia rekodi za wananchi.

Hatari hiyo si ndogo. Mwaka 2015, kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ilipofichuka, ilidaiwa kwamba nywila ya afisa ilitumiwa na wengine kuidhinisha malipo ya mamilioni katika mfumo wa fedha za serikali, IFMIS.

Katika mifumo mingi ya Linux, fundi hufungua akaunti kwa amri moja na kuifuta kwa nyingine. Akisahau kuifuta, mashine haimkumbushi.

NixOS, mfumo wa jamii ya Linux uliochipuka kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, una njia tofauti. Fundi huandika katika faili majina ya wote wanaoruhusiwa na mamlaka ya kila mmoja. Akiagiza kuwa orodha hiyo ndiyo kauli ya mwisho, akaunti yoyote isiyotajwa humo huondolewa faili inapotekelezwa.

Utaratibu huo unakaribiana na ule wa dedha miongoni mwa Waborana wa Isiolo, ambapo wazee hutangaza malisho yatakayotumiwa na yatakayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Kauli hutolewa mara moja, kisha hufuatwa na wote.

Manufaa yake ni bayana. Msimamizi aliye Isiolo mjini, akiwa na nakala ya faili, hujua nani ameruhusiwa Korbesa bila kusafiri. Mashine ikiharibika, orodha ile ile huwekwa katika mpya.

Hata hivyo, tahadhari zahitajika. Nywila isiandikwe wazi katika faili, kwani wengine wanaweza kuisoma. Aidha, kuondoa akaunti hakufuti nyaraka za mwenyewe. Sharti zikabidhiwe au zihifadhiwe.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inamtoza anayeingia bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Lakini adhabu hufuata baada ya siri za wananchi kufichuka, ilhali jina huweza kuondolewa katika orodha siku ile ile afisa anapohama.