Jani la Gimbi na Bati la Gorong'a

Tone la mvua likiangukia jani la gimbi halitapakai. Hujikunja kama shanga, likabiringika na kuzoa vumbi njiani. Jani hilo lina vinundu vyenye nta, vidogo visivyoonekana kwa macho. Tone hukaa juu ya ncha zake, na chini yake hubaki hewa. Mwaka 1997 wataalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walilieleza jambo hilo wakichunguza mmea wa lotasi wa Asia. Mwaka 2012 watafiti wa China wakaonyesha kuwa mwiba wa dungusi hunasa ukungu na kusogeza tone kutoka nchani hadi shinani bila pampu, kwa vile ncha ni nyembamba na tako ni nene.

Baada ya hapo wengi wameota kuvuna maji hewani. Kwa Gorong'a, wilayani Tarime, Tanzania, ndoto hiyo isitangulie. Nyavu za ukungu zilifaa kijiji cha Chungungo, Chile, kwa sababu ukungu wa bahari hupanda milima ya hapo. Umande nao una kikomo: hata kinadharia hauzidi lita 0.8 hivi kwa mita ya mraba kwa usiku. Mvua ya milimita 10 tu huangusha lita 10 mahali hapo hapo, na paa la mita za mraba 50 hupokea lita 500. Nyumba iliyo mbali na Mto Mara ina maji mengi juu ya bati lake kuliko hewani.

Atauliza mtu: na kiangazi? Kiangazi ni kazi ya tangi, na tangi huharibiwa na vumbi na vinyesi vya ndege vinavyosombwa na mvua ya kwanza. Hapo ndipo gimbi lina la kufundisha: paa lisiloshika uchafu. Pingamizi zito ni la uchakavu. Jani hai huotesha nta upya. Rangi ya kiwandani inayoiga nta hiyo huchubuliwa na jua na mchanga, na baadhi ya rangi hizo zina kemikali za florini zisizooza, ambazo hakuna anayezitaka kwenye maji ya kunywa. Ndiyo maana umbo ni la kuigwa kabla ya rangi. Jani la mgomba, linalojulikana sana Tarime, huelekeza maji kwenye mfereji wa katikati kisha shinani, kwa umbo lake tu. Migongo ya bati yafanya kazi hiyo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni gata iliyoinama sawasawa.

Watafiti wa vyuo vyetu waanzie kwenye mapaa ya Tarime na Serengeti, wapime lita na usafi wa maji, kabla ya kuagiza wavu wowote wa ukungu.