Je, Nishani ya Babu Iko Wapi?

Msomaji, ukienda mashambani Krismasi hii, iwe ni Bahati, Njoro, Molo au Subukia, muulize nyanya kama babu aliacha kikopo cha zamani. Ukibahatika utakuta humo nyota ya shaba nyeusi yenye pembe sita. Usiwape watoto waichezee, wala usiwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kwa kilo, haifiki hata bei ya sukari!

Tazama utepe wake. Ukiwa na mstari mpana mwekundu katikati, na buluu yenye rangi ya machungwa kila upande, hiyo ni Burma Star. Huenda babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hao ndio waliopigana na Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, wakavuka mto Chindwin mwezi Desemba.

Lakini geuza nyota hiyo. Hakuna jina. Nishani za Vita Vikuu vya Kwanza zilichongwa namba na jina la askari ukingoni. Hizi za Vita vya Pili zilitolewa tupu.

Ya babu yangu niliikuta imefungwa kwenye ufunguo wa ghala la mahindi, utepe umekwisha zamani. Shangazi alisema mzee hakuivaa hata siku moja. Sikushangaa. Baada ya vita vya kwanza, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba huku nyanda za juu kwa mpango wa 1919. Baada ya vya pili, askari Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa bakshishi ya shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3.50. Wapo waliorudi Bonde la Ufa wakawa maskwota vilevile.

Basi tafuta pia karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba na kikosi. Kama hakipo, waulize wazee wangali hai, uandike.

Sisi tulichelewa. Namba ya babu hakuna aliyeikumbuka. Tuliandika jina lake, kijiji chake na neno "Burma", tukaifunga karatasi hiyo pamoja na nyota kwenye kitambaa. Ufunguo wa ghala tumeutafutia kamba.