Kurejea kwa hiari: Sahihi peke yake haitoshi

WAHENGA walituachia methali mbili zinazogombana. Moja husema, "Jitihada haiondoi kudura." Nyingine husema, "Penye nia pana njia." Kwa sisi Wakongo tuliowahi kukimbilia Zambia, ugomvi huo unagusa maisha yetu.

Desemba 2000, mji wa Pweto ulipoangukia mikononi mwa waasi, maelfu ya watu tulivuka mpaka. Nilikuwa na miaka 16. Nilisoma katika kambi ya Mwange, wilaya ya Mporokoso, na leo ni mwalimu upande wetu wa Ziwa Mweru.

Hivi karibuni nilivuka kwenda Nchelenge. Katika wilaya hiyo yapo makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia machafuko ya 2017. Mama mmoja muuza samaki aliniambia: "Mwalimu, mimi sikuamua kuja, wala sitaamua kurudi. Vita ndiyo inayoamua."

Ndugu msomaji, ndani ya maneno hayo yamo mambo matatu ambayo wengi wetu huyachanganya.

La kwanza ni fikra kwamba kila tukio lina sababu iliyolitangulia, na sababu zikitimia tukio halina budi kutokea. Risasi zikilia, watu hukimbia. Lakini fikra hiyo si sawa na kudura. Mwenye kuamini kudura husema litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye. Mwenye kuamini sababu husema uamuzi wako nao ni sababu mojawapo; ukiuondoa, mambo yatakwenda vingine.

La pili ni utashi, yaani uwezo wa mtu kuchagua hili na kuacha lile. Pweto hatukukimbia sote. Wapo waliobaki na wazazi wao wazee wasioweza kutembea. Vita ilikuwa ile ile.

La tatu ni kujiamulia. Hapa hatuulizi kama sababu zipo, kwa maana zipo siku zote. Tunauliza: je, sababu inayonisukuma ni yangu mwenyewe? Nina habari za kweli? Nina njia zaidi ya moja?

Afrika ililiona jambo hili mapema. Mkataba wa wakimbizi wa OAU, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, unakataza katika Ibara ya 5 kumrudisha mkimbizi kwao bila ridhaa yake. Ndiyo maana kabla ya kupanda lori, mkimbizi hutia sahihi fomu ya kurejea kwa hiari.

Misafara ya kuturudisha Kongo ilianza 2007. Kambi za Mwange na Kala zikafungwa 2010, na baadhi ya waliobaki wakahamishiwa mbali, Meheba, mkoa wa Kaskazini-Magharibi. Tuliorudi kwa misafara ile tulitia sahihi. Lakini aliyejua kwamba shamba lake lipo, shule imefunguliwa na barabara ni salama, huyo alijiamulia. Aliyetia sahihi kwa kuwa kambi inafungwa, naye hajui hali ya kijiji chake, alitumia utashi wake, ila alichagua gizani. Fomu zao zilifanana.

Nilimjibu yule mama: "Mama, vita ilikusukuma uje. Siku ya kurudi, neno lako nalo lihesabiwe."

Ili lihesabiwe, serikali zote mbili na mashirika yanayohudumia wakimbizi hayana budi kuanza na habari kabla ya fomu. Wakimbizi wachague wajumbe wao, wapelekwe ng'ambo wakaone visima, zahanati na mashamba, kisha warudi kuwaeleza wenzao. Na anayetaka kubaki ajue mapema atabaki wapi na atalima wapi. Hapo ndipo neno "hiari" kwenye fomu litakuwa na maana.