Aruba: Kisiwa Kinachouza Jua

Wengi wetu tukisikia neno likizo huwaza kurudi kwa wazee, kushika jembe na kuchunga ng'ombe. Lakini wako watu ambao kwao likizo ni kulipa fedha nyingi ili wakalale mchangani na kuota jua. Nataka kuwaelezeni habari za kisiwa kimoja wanachokipenda sana, maana habari zake zina mafunzo kwetu sisi.

Kisiwa hicho ni Aruba. Kiko katika Bahari ya Karibi, chini ya maili 20 kutoka pwani ya Venezuela. Ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, ila tangu mwaka 1986 kinajiendeshea mambo yake ya ndani. Urefu wake ni maili 20 hivi na upana wake ni maili 6 tu. Wenyeji ni zaidi kidogo ya watu 100,000.

Jambo la kwanza la kushangaza ni ukavu wake. Kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki inchi 20. Kampala hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Sababu ni hii: upepo wa kutoka mashariki huvuma karibu siku zote, na kisiwa hakina mlima mrefu wa kuyapandisha mawingu juu yapate kupoa na kumwaga mvua. Kilima kirefu kabisa, Jamanota, ni cha futi 617 tu. Basi mawingu hupita zake, na ardhini huota dungusi kakati na miiba. Hata miti ya pwani imepindishwa na upepo, yote ikiinamia upande wa kusini-magharibi.

Lakini ukavu huo huo ndio uliotengeneza fukwe zake. Hakuna mito ya kumwaga matope baharini, kwa hiyo maji ni maangavu. Mchanga ni mweupe kwa kuwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Upande wa kaskazini-mashariki, unakopiga upepo, bahari ni kali na mawe ni makali, wala hapafai kuogelea. Upande wa pili bahari ni tulivu, na hapo ndipo zilipo Eagle Beach na Palm Beach. Tena tufani kubwa za Karibi mara nyingi hupita mbali upande wa kaskazini. Mtu wa New York aliyechoka na theluji ya Januari hufika kwa ndege kwa muda usiofika saa tano, akakuta jua lile lile alilotarajia. Mgeni ajihadhari tu, kwani upepo humpoza mwili, naye asitambue kuwa jua linamwunguza.

Je, wageni hao wote hunywa nini? Hunywa bahari! Tangu miaka ya 1930 Aruba ina mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Zamani maji yalichemshwa, mvuke ukapozwa ukawa maji matamu. Siku hizi zaidi husukumwa kwa nguvu kupita katika vichujio vyembamba mno vinavyozuia chumvi. Maji hayo ni mazuri, lakini hayapatikani bure, maana mitambo hula umeme mwingi.

Sasa tutazame historia. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wahispania walikiandika Aruba miongoni mwa visiwa visivyofaa kitu. Baadaye dhahabu iligunduliwa, mwaka 1824, nayo ikapungua. Wakalima mshubiri, mmea usioogopa jua, wakauza shubiri nchi za nje. Halafu ukaja wakati wa kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta mjini San Nicolas, kilichowapa kazi maelfu ya watu. Mwaka 1985 wenye kiwanda wakakifunga, na watu wengi wakakosa kazi. Ndipo serikali ikageukia hoteli kwa bidii. Leo wageni wanaolala huko hupita milioni moja kwa mwaka.

Mimi natoka Karamoja. Si mara moja nimesikia wenzangu wakisema kwamba kwetu hakuna kitu ila jua na vumbi. Sisemi kwamba Moroto itapata ufukwe. Nasema kwamba aliyeiita Aruba nchi isiyofaa alitazama kile isichokuwa nacho, akaacha kutazama kilichopo. Na Moroto hupata mvua kuliko Aruba!

Walakini tusisifu bila kupima. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Aruba ilifunga mlango kwa wageni kwa miezi kadhaa, na hoteli zikawa tupu. Kisiwa kilichoumia kwa kutegemea kiwanda kimoja kikaumia tena kwa kutegemea wageni. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi wale tutakaorudi kufanya kazi katika nchi kavu tuyashike mawili: kwanza tuichunguze ardhi yetu kabla ya kuidharau, pili, tukishapata nguzo moja, tusimamishe na ya pili mapema, kabla ile ya kwanza haijaanguka.