Serikali Inapotia Sahihi, Nani Analipa?

Kila mgomo wa walimu au wa madaktari unapoanza, vikundi vyetu hapa Kiboko hugawanyika. Wengine husema, "Wana haki, maisha yamepanda." Wengine hujibu, "Hao wana mshahara kila mwezi, sisi tunangoja mvua." Wote wana sababu. Hebu tueleze jinsi mapatano ya mishahara yanavyofanywa, na jinsi gharama yake inavyofika hadi kijijini.

MAPATANO NI NINI?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Chama nacho kina haki ya kujadiliana na mwajiri. Wanachokubaliana huandikwa katika mkataba wa pamoja, na mkataba huo ukisajiliwa mahakamani unawafunga wote wawili.

Tuchukue mfano wa kikundi. Tuseme mna kioski cha maji, na kwa mwezi mnapata shilingi 12,000. Mwuzaji maji mnamlipa 5,000, mafuta ya pampu ni 4,000, na 3,000 ni akiba ya siku pampu itakapoharibika. Mwuzaji anaomba 7,000. Ombi lake si baya, maana anakaa pale asubuhi mpaka jioni. Lakini hizo 2,000 zitoke wapi? Mwaweza kupandisha bei ya mtungi, kupunguza akiba, au kumkatalia, naye pengine aondoke.

Sasa tuseme uchaguzi wa kikundi umekaribia. Mwenyekiti anasema "ndiyo" bila kuangalia kitabu cha hesabu. Mwezi unaisha, pesa hazipo, mwuzaji anafunga kioski. Atakayelala bila maji ni nani?

YALIYOTOKEA 1997

Mambo kama hayo yalitokea kwa nchi nzima. Oktoba 1997 walimu wa chama cha KNUT waligoma, na uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo. Serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa. Mwaka 1998 serikali ikasema haina pesa za awamu ya pili. Walimu wakagoma tena Oktoba, wakarudi darasani bila nyongeza. Ni mwaka 2003, chini ya serikali mpya, ndipo yalipofanywa mapatano ya kulipa iliyobaki polepole.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaikumbuki. Mwaka 1998 serikali iliacha kuongeza idadi ya walimu. Walioajiriwa walikuwa wa kujaza tu nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Sababu moja kubwa ilikuwa uzito wa mishahara. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila karo, watoto wakafurika madarasani, lakini walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Kumbe shule nyingi zikalazimika kuajiri walimu wa kulipwa na wazazi. Mwenye mbuzi aliuza mbuzi. Hivyo ndivyo sahihi iliyotiwa Nairobi ilivyolipwa kijijini.

MADAKTARI

Juni 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na chama cha madaktari, KMPDU. Mwaka huo huo huduma za afya zikahamia kaunti. Likazuka swali: nani atalipa, Nairobi au kaunti? Miaka mitatu ikapita. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waligoma, na hawakurudi hadi Machi 2017, siku 100. Mwenye pesa alienda hospitali ya kulipia, wengine wakajazana katika hospitali za misheni, na asiye na kitu alibaki nyumbani na mgonjwa wake. Baadaye mwaka huo wauguzi nao waligoma kwa karibu miezi mitano.

Mwaka 2016 pia, Kaunti ya Makueni ilikuwa imeanzisha mpango wa matibabu ambao kila jamaa ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Mpango mzuri. Lakini daktari asipokuwepo, kadi ni karatasi tu.

Mwaka 2024 madaktari waligoma tena, siku 56. Jambo moja lilikuwa malipo ya madaktari walio mafunzoni: mkataba ulisema zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000.

PANDE MBILI ZA MJADALA

Wanaosema vyama vinagharimu sana wana hoja. Sheria inataka mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake, na angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kaunti ikivuka mpaka wa mishahara, kinachopunguzwa ni mabwawa ya mchanga, barabara na dawa.

Wanaotetea vyama nao wana hoja. Mwalimu aliyepelekwa sehemu kavu hununua chakula na maji kwa bei ya juu. Daktari asipolipwa vizuri huenda hospitali za kulipia au ng'ambo. Tena wakubwa nao hupigania mifuko yao: mwaka 2013 wabunge walivutana hadharani na SRC, tume inayopanga mishahara ya serikali, wakikataa mishahara yao ipunguzwe.

Sisi tunaona hivi: kosa si kujadiliana. Kosa ni kuahidi bila kuonyesha pesa, kisha kukana sahihi. Mkataba wa kweli, hata ukiwa mdogo, ni bora kuliko mkubwa usiolipika. Na anayeumizwa zaidi na ahadi ya uongo ni mtu wa tatu ambaye hakuwa mezani: mtoto na mgonjwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Jueni nani anamlipa nani. Walimu wa msingi na sekondari hulipwa na tume ya TSC kwa pesa za serikali kuu. Walimu wa chekechea wa umma, na wauguzi na madaktari wa hospitali za kaunti, hulipwa na kaunti. Msimlilie gavana kwa deni la TSC.

2. Nendeni kwenye mikutano ya bajeti. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa matumizi wa kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkingoja mwezi wa Juni, mmechelewa.

3. Ulizeni maswali matatu. Mishahara inachukua kiasi gani? Kuna mkataba uliotiwa sahihi ambao haujalipwa? Ukigeuka mgomo, nani atapokea mama anayejifungua usiku?

4. Wekeni majibu katika kitabu cha kumbukumbu, pamoja na tarehe na jina la afisa aliyejibu. Mwaka ujao mtamwonyesha.

MASWALI YA KUJADILI

- Mgomo wa mwisho uligharimu kila jamaa ya kikundi chetu kiasi gani? Andikeni nauli, dawa na pesa za walimu wa wazazi.
- Je, sisi wenyewe tunamlipa mlinzi au mwuzaji maji wetu tulivyopatana naye?
- Nani kati yetu atatuwakilisha mkutano wa Februari, na nani atamchangia nauli?