Panya aliyehimili sumu lakini akauawa na bakteria

KWA miaka mingi, wanasayansi wa Marekani walitatizwa na kitendawili cha panya wa maabara.

Panya wa ukoo uitwao C3H/HeJ, uliotokea katika Maabara ya Jackson, jimbo la Maine, walidungwa sumu ya bakteria kwa kiwango ambacho huwaua panya wengine. Wao walisalia hai. Ajabu ni kwamba panya hao hao walipoambukizwa bakteria hai aina ya Salmonella typhimurium, waliangamia kwa urahisi kuliko wenzao.

Sumu hiyo, endotoksini, ni sehemu ya ukuta wa nje wa bakteria wengi, wakiwemo wanaosababisha homa ya matumbo. Ikijaa katika damu, joto la mwili hupanda, shinikizo la damu hushuka na viungo muhimu huweza kukwama.

Kitendawili kiliteguliwa mwaka wa 1998. Watafiti walioongozwa na Bruce Beutler mjini Dallas, Texas, waligundua kuwa panya hao wana kasoro katika jeni iitwayo TLR4.

Jeni hiyo huziwezesha seli za kinga kutengeneza protini ambayo ni mithili ya bawabu mlangoni: ikihisi endotoksini, hupiga mbiu ili mwili ujihami. Katika ukoo wa C3H/HeJ, herufi moja tu ya jeni imebadilika, na kwa hivyo asidi amino moja ya protini hiyo, prolini, ikawa histidini. Bawabu yupo, lakini ni bubu.

Kinachoua hasa si sumu yenyewe, bali jinsi mwili unavyoikabili kwa ghadhabu kupita kiasi. Panya asiyesikia mbiu huepuka ghadhabu hiyo, lakini bakteria hai wakija, huzaana bila kuzuiwa.

Ugunduzi huo ulimpa Beutler Tuzo ya Nobel mwaka wa 2011, pamoja na Jules Hoffmann na Ralph Steinman.

Kuutumia kuokoa watu, hata hivyo, si jambo jepesi. Dawa iitwayo eritoran, iliyokusudiwa kumziba mdomo bawabu huyo, ilijaribiwa kwa karibu wagonjwa 2,000 mahututi kutokana na maambukizi makali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo.

Panya wa Maine alikuwa ameshatoa onyo: mbiu inayoweza kuua ndiyo hiyo hiyo inayookoa.